Dashibodi Imebadilika Tena: Nini Husasishwa Kila Mwezi, na Nini Hakiguswi

Katika ofisi zinazotegemea ripoti za kompyuta, kuna manung'uniko yanayorudi karibu kila mwezi. Kitufe kilichokuwa kulia kimehamia juu. Menyu imepewa jina lingine. Kisha mtu mmoja anagundua kwamba jumla ya mauzo ya robo iliyopita si ile aliyoiona Ijumaa, na kabla ya saa nne asubuhi habari imeshaenea: "Wamesasisha programu, takwimu zimeharibika." Mhasibu anarudi kwenye majedwali yake ya zamani, meneja anaahirisha kikao, na mchambuzi wa data anashinda kutwa akijitetea kwa kosa ambalo huenda halikutokea kabisa.

Mkanganyiko huu unaeleweka, lakini una gharama. Watu wakiacha kuiamini ripoti kwa sababu isiyo ya kweli, ni vigumu kuwarudisha. Na kubwa zaidi, lawama zote zikiishia kwenye sasisho, chanzo halisi cha tofauti ile hakitafutwi. Kinabaki palepale hadi mwezi ujao.

Tuanze na vitu vyenyewe. Programu ya uchambuzi wa biashara ni chombo kinachochukua data kutoka mahali inapohifadhiwa, iwe ni mfumo wa mauzo, wa mishahara au wa ghala, kisha kinaiunganisha, kinaikokotoa na kuionyesha kwa chati na majedwali ambayo hata asiye mtaalamu anaweza kuyasoma. Zinazotumika sana duniani ni Power BI ya Microsoft, Tableau ambayo Salesforce iliinunua mwaka 2019, Looker ya Google, na Qlik. Mara nyingi programu kama hii ina sehemu mbili. Ya kwanza ni programu ya kutengenezea ripoti, ambayo mchambuzi huisakinisha kwenye kompyuta yake. Ya pili ni lango la mtandaoni, ambako ripoti hupandishwa ili wengine waifungue kwa kivinjari. Dashibodi ni ukurasa unaokusanya chati kuu mahali pamoja. Kipengele ni uwezo mmoja wa programu: aina mpya ya chati, njia mpya ya kuchuja, kiunganishi cha hifadhidata fulani. Sasisho la mwezi, basi, ni kifurushi kutoka kwa mtengenezaji chenye vipengele vipya, marekebisho ya hitilafu, na mabadiliko katika vile vilivyokuwapo.

Hapo hakuna utata. Utata unaanza kwa sababu mambo matatu tofauti yanaweza kutokea usiku mmoja, na asubuhi yote yakaonekana kwenye skrini ileile.

Jambo la kwanza ni hilo sasisho la programu. Anayelifanya ni mtengenezaji, na analifanya kwa wateja wake wote. La pili ni kuvuta data upya: lango linakwenda kwenye chanzo, linachukua rekodi za karibuni na kuziweka mahali pa zile za zamani. Hili linafanyika kwa ratiba mliyoipanga ninyi wenyewe, pengine kila usiku, pengine kila saa. La tatu ni mabadiliko ya ripoti yenyewe. Mtu wa ofisini kwenu amefungua faili, amerekebisha fomula au ameongeza kichujio, kisha amelipandisha tena langoni.

Fikiria mizani ya dukani. Data ni mzigo uliowekwa juu yake. Fomula ni mawe ya kupimia. Programu ni mizani yenyewe, pamoja na uso wake na mshale wake. Fundi akija kuupaka rangi uso wa mizani na kubadilisha kioo chake, mzigo haupungui. Uzito ukisomeka tofauti siku hiyo, la kwanza kuuliza ni kama kuna aliyeongeza au kupunguza mzigo. La pili ni kama mawe yamebadilishwa. Fundi anaulizwa wa tatu. Ofisi nyingi zinaanza na fundi, kwa sababu kazi yake ndiyo inayoonekana kwa macho.

Turudi basi kwa yule aliyeona jumla ya robo iliyopita imebadilika. Robo imeshafungwa, kwa nini namba yake isogee? Kwa sababu rekodi za nyuma zinaendelea kuguswa. Ankara iliyochelewa inaingizwa Jumatatu lakini inabeba tarehe ya mwezi uliopita. Bidhaa iliyorudishwa inapunguzwa kwenye mauzo ya siku ilipouzwa. Mteja aliyeandikwa mara mbili anaunganishwa kuwa mmoja. Data ikivutwa upya usiku, lango linaonyesha hali ya sasa ya rekodi, na hali ya sasa si ile ya Ijumaa. Namba zote mbili zilikuwa sahihi wakati zilipoonyeshwa. Ofisi inayohitaji namba isiyosogea baada ya kufunga hesabu inapaswa kuihifadhi mahali pake kama nakala ya siku ile. Programu haiwezi kuisaidia kwa hilo bila kuambiwa.

Lipo pia tatizo la upande wa pili, la data kutovutwa kabisa. Katika Power BI, ratiba ya kuvuta data ikishindwa mara nne mfululizo, lango huizima. Na ripoti zilizojengwa juu ya data hiyo zisipofunguliwa na mtu yeyote kwa miezi miwili, ratiba husimamishwa pia, kwa kuhesabiwa kwamba data ile haina mtumiaji. Katika hali zote mbili chati zinaendelea kuonekana vizuri, na rangi zake na vichwa vyake, huku namba zikiwa za zamani. Ndiyo maana naona kwamba tarehe na saa ya mwisho ya kuvuta data inapaswa kuandikwa juu ya kila ripoti, mahali ambapo jicho haliwezi kuikwepa. Ni kazi ndogo kuliko zote kwa mtengeneza ripoti, na sijui nyingine inayozuia ugomvi mwingi kiasi hicho.

Kuna chanzo kingine cha tofauti ambacho hakihusiani na sasisho wala na data mpya, nacho ni saa. Fomula za Power BI huandikwa kwa lugha iitwayo DAX, na ndani yake kuna amri ya kuuliza "leo ni tarehe ngapi". Ripoti ikiwa kwenye kompyuta ya mchambuzi, amri hiyo inajibiwa kwa saa ya kompyuta hiyo. Ikishapandishwa langoni, inajibiwa kwa saa ya dunia, yaani UTC. Aliye saa tatu mbele ya UTC akifungua ripoti ya "mauzo ya leo" saa saba usiku, lango bado linahesabu jana. Tarehe itageuka ikifika saa tisa. Kwa kazi za mchana hakuna anayegundua. Kwa kiwanda au hospitali inayofanya kazi usiku kucha, hiyo ni tofauti kubwa kati ya namba ya kwenye kompyuta na ya langoni, na kila mwezi kuna mahali ambapo inabandikwa kwa sasisho.

Na ipo tofauti ambayo ni ya macho tu. Chati inaweza kuonyesha milioni 1.2 mahali palipokuwa pakisomeka 1,234,567, kwa sababu kizio cha kuonyeshea kimewekwa kijichague chenyewe. Thamani iliyo chini haijaguswa. Anayenakili namba hiyo kwenye waraka mwingine ndiye anayezalisha kosa.

Je, ina maana sasisho kamwe haliwezi kubadilisha takwimu? Hapana, na ni muhimu kulisema hili waziwazi, maana wapo wataalamu wanaowatuliza wenzao kupita kiasi. Mtengenezaji anaweza kurekebisha hitilafu iliyokuwa ikikokotoa vibaya, na namba ikasahihika ghafla. Anaweza kubadilisha mpangilio unaokuja na chati mpya. Na mara chache anabadilisha mizani yote. Mfano mkubwa wa miaka ya karibuni ni lango la Google la kupima wageni wa tovuti. Google ilitangaza Machi 2022 kwamba mfumo wake wa zamani, Universal Analytics, ungeacha kupokea data ya kawaida Julai 1, 2023, na wateja wahamie Google Analytics 4. Mfumo wa zamani ulijengwa juu ya ziara: mtu anaingia, anafungua kurasa, anaondoka. Mpya umejengwa juu ya matukio, na kila kubofya, kila kufungua ukurasa, kila kununua ni tukio. Mpimaji amebadilika na kipimo kimebadilika, hivyo idadi za mifumo hiyo miwili hazikulingana, wala hazikutarajiwa kulingana. Zaidi ya hapo, data ya miaka ya nyuma haikuhamishwa kuingia kwenye mfumo mpya, na mwaka 2024 watumiaji wa kawaida walifungiwa mlango wa ule wa zamani. Aliyekuwa hajapakua historia yake aliipoteza. Taarifa ilikuwapo kwa zaidi ya mwaka. Tatizo ni kwamba ilifika miongoni mwa matangazo mengi ya vitufe na rangi, na wengi walikuwa wameshazoea kutoyasoma.

Kwa nini basi kila mwezi? Swali hili huulizwa kwa hasira, lakini lina jibu. Zamani programu za ofisini zilitoka kwa matoleo makubwa yaliyotengana kwa miaka. Chombo cha ripoti cha Microsoft kilichotangulia, Reporting Services, kilitoka mwaka 2004, na maboresho yake makubwa yakawa yanasubiri matoleo ya SQL Server, mfumo wa hifadhidata wa Microsoft: 2005, 2008, 2012 na kuendelea. Mtumiaji aliyehitaji chati fulani alingoja miaka miwili au mitatu. Sasisho lilipofika lilibeba mamia ya mabadiliko kwa pamoja, na kitu kikiharibika hakuna aliyejua ni badiliko lipi lililokiharibu. Power BI ilizinduliwa rasmi Julai 2015 ikiwa na mwendo mwingine, wa programu yake ya kompyuta kusasishwa kila mwezi. Badiliko likiwa dogo, kosa lake ni rahisi kulitafuta. Mtumiaji akilalamika leo, marekebisho yanaweza kuja kwenye toleo linalofuata.

Kuna watu wanaoamini kwamba programu inayosasishwa mara kwa mara ni programu mbovu. Hiyo si dalili ya ubovu. Mwendo wa masasisho ni uamuzi wa kibiashara na wa kiufundi, na hata kampuni moja inaweza kuwa na miendo miwili. Microsoft hiyohiyo ina Power BI Report Server, kwa taasisi zinazoweka ripoti kwenye seva zao zenyewe badala ya wingu, yaani kompyuta za mtoa huduma zinazofikiwa kwa mtandao, na hiyo kwa kawaida hutolewa mara tatu kwa mwaka: Januari, Mei na Septemba. Tableau, tangu 2018, huyaita matoleo yake kwa mwaka na namba, kuanzia 2018.1. Anayetumia huduma yake ya wingu hupandishwa toleo na mtengenezaji, na anayejiendeshea seva huchagua mwenyewe siku ya kupanda. Looker hutoa toleo kila mwezi, lakini ina pia toleo la kukaa nalo muda mrefu zaidi kwa wateja wanaotaka utulivu. Kwa hiyo malalamiko ya "wanatubadilishia kila siku" mara nyingi yanatoka kwa ofisi ambayo ilichagua wingu bila kuelezwa kwamba mwendo huo ni sehemu ya mkataba.

Sasa tufike kwenye swali linalowasumbua hata wachambuzi wazoefu: "Nimesoma kwamba kipengele kimetoka. Mbona mimi sikioni?"

Kipengele kipya hakizaliwi kikiwa kamili. Mara nyingi kinaanza katika hatua ya majaribio. Katika hatua hiyo mtengenezaji anasema: kipo, kitumieni, tuambieni kinavyowasumbua, lakini kinaweza kubadilika. Baada ya muda kinaingia hatua ya toleo rasmi, ambapo mtengenezaji anakubali kuwajibika nacho katika kazi za kila siku. Baadhi ya vipengele vya majaribio vya Power BI havionekani hadi mtumiaji avifungulie mwenyewe kwenye orodha iliyo ndani ya mipangilio, kisha aizime programu na kuiwasha tena. Na usidhani majaribio ni ya wiki mbili. Uwezo wa kumwachia msomaji achague mwenyewe ni kipimo kipi chati imwonyeshe ulitangazwa katika Power BI Mei 2022, na ulibaki na lebo ya majaribio kwa zaidi ya miaka miwili, huku watu wengi wakiwa wameshaujengea ripoti za kazi. Ushauri wangu ni kwamba kipengele cha majaribio kitumike kwenye ripoti ambayo unaweza kuitengeneza upya kwa siku moja. Ripoti inayopelekwa kwa bodi au kwa mkaguzi isikitegemee.

Hata baada ya kuwa rasmi, kipengele hakiwafikii wote siku moja. Huduma za wingu hupelekewa mabadiliko kwa awamu, eneo baada ya eneo la dunia. Kuna pia msimamizi wa mfumo ndani ya taasisi yenu, ambaye ana ukurasa mrefu wa swichi za kuruhusu au kuzuia uwezo fulani kwa watu wote au kwa kikundi. Na kuna leseni. Copilot ndani ya Power BI, yaani msaidizi wa akili mnemba anayeandika muhtasari wa ripoti na kupendekeza kurasa, haiwezi kutumika kwa leseni ya mtu mmoja mmoja pekee. Inahitaji taasisi iwe imelipia uwezo maalumu wa kompyuta za wingu. Tangazo huandikwa kwa dunia nzima. Mtumiaji wa kawaida analisoma, anafungua lango lake, hakioni kitu, na anadhani kompyuta yake ina kasoro.

Kutokana na hayo, mtu anaweza kushawishika kuacha kusasisha kabisa. "Ripoti zangu zinafanya kazi, kwa nini niguse?" Hoja hii ina nguvu, na sitaki kuipuuza, kwa sababu anayeitoa kwa kawaida ameshaumizwa. Lakini haimlindi kama anavyodhani, kwa sababu mbili.

Kwanza, upande wa lango haumsubiri. Hata akikataa kugusa programu ya kwenye kompyuta yake, lango la wingu linaendelea kusonga, na vyanzo vya data navyo vinabadilisha njia zao za kuthibitisha anayeingia. Siku moja kiunganishi cha zamani kinakataliwa mlangoni. Power BI Desktop, ile programu ya kwenye kompyuta, inahudumiwa katika toleo lake la karibuni tu. Anayepiga simu kuomba msaada akiwa na toleo la zamani ataambiwa asasishe kwanza. Lipo pia daraja ambalo watu wengi hawajui kwamba lina toleo lake: ile programu ndogo inayokaa kwenye seva ya ofisi na kupitisha data kutoka hifadhidata ya ndani kwenda kwenye wingu. Nayo hutolewa kila mwezi, na Microsoft inahudumia matoleo sita ya mwisho tu. Nusu mwaka wa kusahau unatosha kuiweka nje ya huduma. Daraja hili likikwama, ripoti zote zinazopita juu yake zinakwama pamoja, na kwa kuwa halina sura wala chati, ndilo la mwisho kukumbukwa.

Pili, kuna suala la mafaili, na hapa ndipo ninapoona timu nyingi zikiumia bila sababu. Faili lililohifadhiwa kwa toleo jipya linaweza lisifunguke vizuri, au lisifunguke kabisa, kwenye toleo la zamani. Mchukulie mchambuzi mmoja aliyesakinisha kupitia duka la programu la Microsoft. Kwake sasisho linaingia lenyewe. Mwenzake alipakua kisakinishi kwenye tovuti mwaka uliopita. Kwake hakuna kinachobadilika hadi apakue tena kwa mkono. Wa kwanza anafungua faili la pamoja, anarekebisha kichwa cha chati, anahifadhi. Wa pili anafungua saa moja baadaye na kukuta ujumbe kwamba faili lina mambo ambayo toleo lake haliyajui. Hakuna aliyekosea, lakini kazi imesimama. Timu inayoshirikiana mafaili inatakiwa ikubaliane njia moja ya kusakinisha na siku moja ya kusasisha. Wanaotumia Report Server wana sharti kali zaidi: kuna programu maalumu ya kutengenezea ripoti inayokwenda sambamba na seva hiyo, na faili lililotengenezwa kwa programu ya kawaida ya kila mwezi linaweza kukataliwa likipandishwa.

Hofu nyingine ni kwamba sasisho litafuta ripoti. Kusakinisha toleo jipya la programu hakufuti mafaili yako, na ripoti zilizoko langoni haziondolewi na badiliko la mwezi. Kinachoweza kutokea ni kipengele fulani ndani ya ripoti kustaafishwa. Hapo ripoti inabaki, lakini sehemu moja yake inaacha kufanya kazi au inalazimika kubadilishwa. Ramani za Power BI zinazotegemea Bing ni mfano. Microsoft inawaelekeza watumiaji wazihamishie kwenye Azure Maps. Kustaafisha hutangazwa mapema, na tangazo huja pamoja na njia mbadala. Lakini halirudiwi kila mwezi hadi ulione.

Majina nayo hubadilika, na hili huchosha kuliko inavyostahili. Mwaka 2022 pekee, Tableau Online ikawa Tableau Cloud, Data Studio ya Google ikawa Looker Studio, na sehemu ya Power BI iliyoitwa Goals ikaitwa Metrics. Novemba 2023 zile seti za data za Power BI zikaanza kuitwa modeli za kisemantiki. Mara nyingi kitu kilicho chini ya jina jipya ni kilekile. Anayefundisha wenzake anahitaji kujua hili ili asidhani somo lake lote limepitwa na wakati, na anayetafuta msaada mtandaoni atafute kwa majina yote mawili.

Tangazo la mwezi lisomwe vipi, basi? Huwa ni refu, limejaa picha, na limepangwa kwa namna inayomfaa muuzaji: linalovutia zaidi liko juu. Napendekeza lisomwe kinyume. Anza na vinavyoondolewa na tarehe zake. Kila kinachotajwa hapo, jiulize kama kimo ndani ya ripoti zenu, na kama kimo, tarehe ile iingie kwenye kalenda ya timu siku hiyohiyo. Fuatia na vinavyobadilika bila kuombwa, yaani mpangilio wa kawaida uliokuwa hivi na sasa utakuwa vile, kwa kuwa hivyo ndivyo vitakavyozua maswali asubuhi. Kisha hitilafu zilizorekebishwa. Vipengele vipya vije mwisho, na uchague kimoja au viwili vinavyojibu shida mliyo nayo tayari. Hakuna anayelazimika kujifunza vyote. Vingi vimetengenezwa kwa ajili ya kazi ambazo ninyi hamfanyi.

Mtumiaji wa kawaida, asiyetengeneza ripoti, hana haja ya kusoma tangazo hata moja. Anachohitaji ni mistari minne au mitano kutoka kwa mchambuzi wake, kabla ya sasisho ikiwezekana: kitufe hiki kimehamia hapa, jina hili limekuwa lile, takwimu hazijaguswa. Mchambuzi anayeandika mistari hiyo kila mwezi hupunguza simu za Jumatatu kwa kiasi kikubwa.

Na kwa wanaotengeneza ripoti, kuna zoezi moja linalolipa. Weka ripoti ndogo ya majaribio yenye data isiyobadilika, ambayo jumla zake unazijua kwa sababu ulizikokotoa kwa mkono. Kila toleo jipya likisakinishwa, ifungue kwanza hiyo. Jumla zikiwa zilezile, mizani iko sawa, na tofauti yoyote kwenye ripoti halisi itafutwe kwenye data au kwenye fomula. Jumla zikitofautiana, una ushahidi wa kumpelekea mtengenezaji, na huo una uzito kuliko malalamiko.

Ukipeleka taarifa ya hitilafu, kwa mtengenezaji au kwa fundi wa ofisini, taja mambo haya: namba ya toleo la programu, kama ni kwenye kompyuta au kwenye kivinjari, saa ulipoliona tatizo pamoja na saa ya mwisho ya kuvuta data, namba uliyoitarajia na mahali ulipoitoa, na namba uliyoikuta. Ambatisha picha ya skrini yote, si ya chati peke yake, maana vichujio vilivyo pembeni mara nyingi ndivyo vyenye jibu.